Ndama Mwenye Tumbo Kubwa Hajashiba

Ukipita kwenye mabanda ya wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa, iwe Hai, Rungwe, Kiambu au Nyandarua, hutakosa kumwona ndama wa namna hii: ana miezi minne au mitano, tumbo limemning'inia pande zote mbili, lakini mbavu zinahesabika, mifupa ya nyonga imechomoza, na manyoya yamesimama bila mng'ao. Mwenye ndama akiulizwa hutoa jibu moja kati ya mawili. Ama atasema ndama anakula vizuri, tazama tumbo lilivyojaa. Ama atasema ana minyoo na ameshapewa dawa mara kadhaa bila nafuu.

Minyoo ipo, na nitaigusa. Lakini mara nyingi kinachoonekana pale si shibe wala minyoo. Ni tumbo ambalo halijamaliza kujengwa, likabebeshwa kazi ya ng'ombe mzima. Ndama anazaliwa na mfumo wa kumeng'enya chakula ulio karibu zaidi na wa mtoto wa binadamu kuliko wa mama yake mzazi. Atafika kwenye mfumo wa mama yake, ila umri peke yake haumfikishi huko. Kinachomfikisha ni anachokula. Ndiyo kusema mfugaji ndiye anayelijenga tumbo la ng'ombe wake wa kesho, ajue asijue.

Anachokula mama kwa kweli

Ili tuone ndama amekosa nini, tuanze na mama. Tumbo la ng'ombe mzima lina vyumba vinne. Kikubwa kuliko vyote ni rumeni, inayojaza karibu upande wote wa kushoto wa tumbo, kuanzia kwenye kiwambo, ule ukuta wa misuli unaotenga kifua na tumbo, hadi nyongani. Kwa ng'ombe mkubwa wa maziwa hubeba lita 100 na kuzidi. Ndiyo sehemu ambayo kwa wauza utumbo huitwa taulo, kwa sababu ukuta wake wa ndani umejaa maelfu ya vijinyama vidogo vilivyosimama. Vijinyama hivyo tusivisahau, maana habari nzima ya ndama inavizunguka. Mbele ya rumeni, jirani kabisa na moyo, ipo retikulamu, ambayo kuta zake zimegawanyika vijumba vya pembe sita. Inafuata omasamu, ya mviringo na ngumu ukiishika, yenye kurasa nyingi nyembamba za nyama zinazofyonza maji. Ya mwisho ni abomasamu, yenye asidi na vimeng'enya, na hiyo ndiyo inayofanya kazi kama tumbo langu na lako.

Ng'ombe hatengenezi kimeng'enya chochote cha kuvunja nyuzi za majani. Kazi hiyo wanafanya wapangaji wake: bakteria, protozoa na kuvu wanaoishi ndani ya rumeni, mahali pasipo na oksijeni, penye joto la nyuzi 39 hadi 40 mchana na usiku. Katika mililita moja ya maji ya rumeni bakteria huwa zaidi ya bilioni 10. Majani huchachuka humo kama togwa mtungini, na vijidudu hao wakishakula wanaacha asidi tatu ambazo kwao ni mabaki tu: asetiki, propioniki na butiriki. Kwa ng'ombe mabaki hayo ndiyo chakula. Asidi hizo hupenya ukuta wa rumeni na kuingia kwenye damu, na humpatia sehemu kubwa ya nguvu zake, kiasi cha asilimia 70.

Mwili huzitumia kila moja kwa njia yake. Asetiki huenda kutengeneza mafuta ya maziwa, ndiyo maana ng'ombe anayekosa majani ya kutosha na kujazwa pumba hutoa maziwa mepesi. Propioniki huenda kwenye ini na kugeuzwa glukosi. Kiwele huichukua glukosi hiyo na kutengeneza laktosi, na laktosi ndiyo inayovuta maji kuingia kwenye maziwa. Wingi wa lita kwenye ndoo unaanzia hapo. Na kiwele hakifanyi kazi ndogo: ili ipatikane lita moja ya maziwa, lita 400 hadi 500 za damu hupita ndani yake. Butiriki nayo ina kazi ambayo mfugaji wa ndama anapaswa kuijua kuliko nyingine zote, tutaifikia.

Baada ya kula na kuzaana, vijidudu wenyewe husombwa na mtiririko wa chakula hadi kwenye abomasamu, wanauawa na asidi, kisha wanameng'enywa. Sehemu kubwa ya protini ya ng'ombe ni miili yao. Kwa hiyo unapomwaga majani ya tembo kwenye hori, wa kwanza kula ni vijidudu, na ng'ombe anaishi kwa kile wanachokiacha na kwa wao wenyewe.

Mazingira hayo hayajitunzi. Asidi zikizidi vijidudu hufa, na kinachozipunguza makali ni mate. Ng'ombe mzima hutoa mate zaidi ya lita 100 kwa siku, yenye chumvi za kupoza asidi, na mengi yake hutoka wakati anacheua. Hucheua kwa saa 6 hadi 8 kila siku, donge moja akilitafuna mara 40 hadi 60 kabla ya kulimeza tena. Ukiwakuta ng'ombe wengi wamelala saa za mchana bila hata mmoja kutafuna, usiseme wamepumzika. Kuna jambo tumboni. Njia nyingine ya kujua ni kuweka ngumi kwenye lile bonde la upande wa kushoto, kati ya ubavu wa mwisho na nyonga, ukaibana taratibu. Rumeni nzima hujikunja na kusukuma ngumi mara moja hadi mbili kwa dakika. Bonde hilohilo ndilo linalovimba gesi ya uchachukaji ikikosa njia ya kutoka kwa kubeua, na hapo ng'ombe anaweza kufa ndani ya muda mfupi kwa sababu tumbo lililojaa linabana mapafu.

Mbuzi na kondoo wana vyumba hivyohivyo vinne na yote ninayoyasema hapa yanawahusu, kwa vipimo vidogo. Ngamia ana vitatu na anacheua vilevile. Punda na sungura huchachusha majani pia, lakini nyuma, kwenye utumbo mpana, baada ya chakula kupita tumboni. Nguruwe na kuku ni habari nyingine kabisa. Ukiwalisha majani matupu wanakonda, kwa kuwa hawana chumba kikubwa cha namna hiyo.

Siku ya kwanza hakuna rumeni ya kutajwa

Sasa mtazame ndama aliyezaliwa leo. Vyumba vyote vinne vipo, lakini uwiano umepinduka. Abomasamu, ambayo kwa mama ni chini ya sehemu moja ya kumi ya tumbo zima, kwa ndama huchukua zaidi ya nusu. Rumeni ni kifuko kilegevu, ukuta wake wa ndani ni laini, vijinyama havijaota, na vijidudu karibu hawapo.

Maumbile yameweka njia ya kukikwepa kifuko hicho. Toka mwisho wa umio hadi kwenye mlango wa omasamu kuna mfereji wenye midomo miwili ya misuli. Ndama anapoanza kunyonya, na hata anapoyaona maziwa aliyoyazoea, mishipa ya fahamu huifunga midomo ile, mfereji ukawa bomba, na maziwa yakapita moja kwa moja hadi abomasamu. Huko yanakutana na kimeng'enya cha kuyagandisha, na mgando ule humeng'enywa polepole kwa saa kadhaa.

Hapa ndipo makosa madogo ya banda yanapogeuka maradhi. Maziwa yakiwa ya baridi leo na ya moto kesho, yakitolewa saa zisizoeleweka, au ndama akimiminiwa kinywani kwa nguvu, mfereji unaweza usifunge sawasawa. Maziwa yanaingia kwenye rumeni isiyo na uwezo wa kuyashughulikia, yanaoza mle. Ndama anakuwa na tumbo lililojaa upande wa kushoto, kinyesi cha rangi ya udongo mweupe na kinachonata, na hamu ya maziwa inapungua. Maziwa yawe na joto la mwili, nyuzi 38 au 39, saa zilezile kila siku. Chupa yenye chuchu ni bora kuliko ndoo, na kama ni ndoo, mwache ndama ajifunze kunywa kwa kufuata kidole.

Kosa jingine ni uji. Mfugaji anataka kuuza maziwa, kwa hiyo ndama wa wiki mbili anachanganyiwa maziwa kidogo na uji mwingi wa mahindi, kwa imani kwamba uji unashibisha. Kongosho la ndama wa umri huo hutoa kimeng'enya kidogo mno cha kumeng'enya wanga. Uji unapita hadi utumboni ukiwa uleule, bakteria wa utumbo wanaufurahia, na ndama anaharisha. Kumpa ndama mchanga uji badala ya maziwa ni kumnyima chakula huku ukiamini umemlisha, na nalisema kwa uchungu kwa sababu anayefanya hivyo huwa hana nia mbaya.

Dang'a na mlango unaofungwa

Kabla ya maziwa ya kawaida kuna dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyetoka kuzaa, na hapa muda ni wa saa.

Mtoto wa binadamu huzaliwa akiwa tayari na kingamwili za mama yake, zilizopitia kondo la nyuma akiwa tumboni. Kondo la ng'ombe limejengwa tofauti. Limeshikana na mji wa mimba kwenye vifundo vingi vilivyotawanyika, na tabaka za seli kati ya damu ya mama na damu ya ndama ni nyingi kiasi kwamba kingamwili hazivuki. Ndama anaanguka kwenye sakafu ya banda, penye samadi na vimelea vya kila aina, akiwa karibu hana kinga kabisa. Mama amemwekea kinga hiyo kwenye kiwele. Ameihamisha kutoka kwenye damu yake katika wiki za mwisho za mimba.

Kingamwili ni molekuli kubwa za protini. Utumbo wa kawaida huzivunja kabla ya kuzifyonza, kama unavyoivunja protini nyingine yoyote. Utumbo wa ndama mchanga, kwa muda mfupi baada ya kuzaliwa, huzipitisha zikiwa nzima hadi kwenye damu. Uwezo huo uko juu kabisa katika saa 4 hadi 6 za kwanza, unashuka kila saa inayopita, na kufikia saa 24 mlango umefungwa. Dang'a ya siku ya pili bado ni chakula kizuri na bado inalinda utumbo kwa ndani, ila haiingizi tena kinga kwenye damu.

Kipimo ni kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa ndama. Ndama wa Friesian mwenye kilo 40 apate lita 3 hadi 4 katika saa hizo za mwanzo, zikiwezekana ndani ya saa mbili za kwanza, kisha mlo mwingine kabla ya saa 12 kupita. Zebu wetu huzaa ndama mdogo, wa kilo 20 hivi, naye kiasi chake hupungua vivyo hivyo. Kumwachia ndama anyonye mwenyewe kunafaa kwa ng'ombe wa asili, ambaye ndama wake husimama upesi na kiwele cha mama si kikubwa. Kwa ng'ombe wa maziwa mwenye kiwele kilichoshuka karibu na magoti, ndama anaweza kuhangaika nusu siku akinyonya miguu na ukuta. Kamua, pima, mnyweshe.

Wapo wanaoimwaga dang'a kwa sababu ni nzito na ya manjano, wakidhani ni uchafu au ndiyo inayoharisha. Ni kweli inalainisha choo, na inatakiwa ilainishe, ili kinyesi cha kwanza cheusi chenye kunata kitoke. Manjano yake hutokana na karotini, jamaa ya vitamini A, ambayo ndama pia huzaliwa akiwa na akiba yake ndogo. Dang'a ikizidi mahitaji igandishwe kwenye friza. Inakaa miezi mingi, na siku ng'ombe akifa wakati wa kuzaa utakuwa na cha kumpa ndama. Iyeyushwe kwenye maji ya uvuguvugu, isichemshwe, maana moto unaharibu zile kingamwili.

Siku hiyohiyo kitovu kichovywe kwenye iodini. Kamba ya kitovu ilikuwa na mishipa inayokwenda moja kwa moja hadi kwenye ini, na vijidudu wa samadi wanaijua njia hiyo.

Rumeni inajengwa na nini?

Turudi kwa ndama wetu mwenye tumbo la kuning'inia. Ukuaji wa rumeni una pande mbili, na mkanganyiko wote unatokana na kuzichukulia kama kitu kimoja. Upo ukubwa na misuli, yaani kifuko kupanuka na ukuta kupata nguvu ya kusukuma chakula. Na upo uotaji wa vijinyama vya ndani, vinavyoongeza eneo la kufyonza asidi. Ukubwa huletwa na wingi na ugumu wa majani. Vijinyama haviletwi na majani yanapokwaruza ukuta, kama wengi wanavyofikiri; huchochewa na asidi zenyewe, hasa butiriki, ikifuatiwa na propioniki. Asidi hizo hutoka kwa wingi kwenye nafaka na pumba zinapochachuka. Majani, hasa yaliyokomaa, hutoa asetiki zaidi, na asetiki haina nguvu hiyo.

Chuo kikuu cha Penn State huko Marekani kilitoa picha ambazo zimefundishia wafugaji wengi duniani: kuta za rumeni za ndama wa wiki 6, mmoja aliyelishwa maziwa tu, mwingine maziwa na nyasi kavu, mwingine maziwa na chakula cha nafaka. Ukuta wa aliyelishwa maziwa tu ni mweupe, mwembamba, karibu mtupu. Wa maziwa na nyasi si tofauti sana. Wa nafaka ni mweusi, mnene, umejaa vijinyama.

Sasa mchukue ndama aliyeachishwa maziwa mapema, kwa sababu maziwa ni fedha, akawekewa mabua ya mahindi na majani ya tembo yaliyopita urefu wa mtu. Kifuko kinapanuka kwa sababu kinajazwa. Vijidudu hawatoshi, majani hayavunjiki, yanakaa siku nyingi kuliko inavyotakiwa, na yakikaa yanaziba nafasi ya chakula kingine. Asidi chache zinazopatikana hazina vijinyama vya kuzifyonza. Ndama amejaa na ana njaa kwa wakati mmoja. Mwili, kwa kukosa nguvu na protini, unaanza kula misuli yake wenyewe, na ndiyo ile nyonga iliyochomoza juu ya tumbo kubwa. Dawa ya minyoo itamsaidia vipi huyu?

Jinsi ya kuijenga rumeni haihitaji fedha nyingi kama inavyodhaniwa. Kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza, ndama awekewe konzi moja ya chakula laini cha ndama mbele yake kila siku: mahindi yaliyoparazwa au pumba, mashudu ya alizeti au soya, madini kidogo. Mwanzoni atachezea tu. Mpake kidogo mdomoni akimaliza maziwa, wakati bado ana hamu ya kunyonya. Kilichobaki jana kiondolewe, apewe mama. Ndama hali chakula kilichochacha.

Kisha maji. Hili wafugaji wengi hawalijui: maji ya ndoo hayaufungi ule mfereji, yanaingia kwenye rumeni, na bila maji ya wazi vijidudu hawawezi kuishi humo. Maziwa hayahesabiki kama maji kwa sababu hayapiti huko. Ndama asiye na maji hula chakula kidogo sana, na rumeni yake inachelewa. Vijidudu wenyewe hatununui. Anawapata kwa kulambwa na mama, kwenye majani, kwenye vyombo, kwa ndama wenzake. Nyasi kavu laini yenye majani mengi iwepo kidogo, na majani mabichi teke ya lukina au desmodiamu yakipatikana ni heri. Mabua yasubiri.

Swali la lini kuachisha maziwa linajibiwa na kinachobaki kwenye chombo cha pumba kuliko kalenda. Ndama wa Friesian au chotara mkubwa akila kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, siku tatu mfululizo, rumeni yake imeweza kazi. Wengi hufika hapo kati ya wiki ya 8 na ya 12, na maziwa yapunguzwe kwa wiki moja au mbili, yasikatwe ghafla. Kwa lita 4 kwa siku hadi wiki ya 12, ndama atakuwa amekunywa lita 336. Nakubali kwamba kwa familia inayolipa ada kwa maziwa hizo ni fedha nyingi. Ndiyo sababu chakula cha ndama kianze mapema, ili siku za maziwa zipungue bila ndama kuumia.

Na minyoo? Mmoja aliye hatari zaidi hukaa kwenye abomasamu na kunyonya damu, kwa hiyo dalili yake kubwa ni upungufu wa damu. Funua kope la chini la jicho: kama ni jeupe, au kuna uvimbe laini chini ya taya, mwite mtaalamu wa mifugo na dawa ina maana. Ndigana kali, inayoua ndama wengi Afrika Mashariki, huja na homa kali na tezi zilizovimba chini ya sikio na mbele ya bega. Hiyo haisubiri kesho. Kope jekundu, hakuna homa, tezi hazijavimba, na tumbo linaning'inia: tazama hori.

Kwa wanaochunga kandokando ya miji kuna hatari nyingine iliyofungamana na maumbile ya tumbo hili. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, ana ufizi mgumu tu; huzoa majani kwa ulimi na kuyameza kabla ya kuyatafuna vizuri, kwa kuwa atayacheua baadaye. Kwa hiyo hachagui vizuri. Mifuko ya plastiki hubaki kwenye rumeni isiyoweza kuivunja, hujisokota ikawa donge, na ng'ombe anakonda tumbo likiwa limejaa, yuleyule ndama wetu kwa sababu nyingine. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, na mifugo imefaidika hata kama sheria haikuandikwa kwa ajili yao. Misumari na vipande vya waya, kwa uzito wake, hudondokea kwenye retikulamu. Nimeshasema retikulamu ni jirani wa moyo. Kati yao kuna kiwambo tu, na waya hutoboa.

Mifupa kwanza, nyama baadaye, mafuta mwisho

Mwili unaokua haugawi chakula sawa kwa viungo vyote. Ubongo na mishipa ya fahamu hupewa kwanza, kisha mifupa, kisha misuli, na mafuta hungoja mwisho. Ndiyo maana ndama huzaliwa na kichwa kikubwa na miguu mirefu kulinganisha na mwili wake, huku kiwiliwili na mapaja vikifuata baadaye. Chakula kikipungua, wanaokatiwa huanzia mwisho wa foleni: mafuta, kisha misuli. Njaa ikiwa kali na ya muda mrefu ndipo mifupa nayo husimama.

Mnyama aliyekosa chakula kiangazi kimoja akiwa na mwaka mmoja na nusu hufidia. Mvua zikirudi hukua kwa kasi kuliko mwenzake ambaye hakuwahi kupata shida, na wafugaji wa Boran na Zebu wameliona hilo vizazi na vizazi. Njaa ya miezi mitatu ya mwanzo haifidiwi hivyo. Imeikuta mifupa katika kasi yake kubwa na rumeni ikiwa inajengwa.

Hesabu yake ni hii. Mtamba wa Friesian, yaani jike ambaye bado hajazaa, hupandishwa akifikisha kilo 300 hivi, yaani kama asilimia 55 hadi 60 ya uzito wake wa utu uzima. Chotara mdogo zaidi, kilo 230 hadi 260. Joto la kwanza, yaani mara ya kwanza anapohitaji dume, halifuati miezi, linafuata uzito, na huja akiwa karibu na asilimia 40 hadi 45. Aliyezaliwa na kilo 40 ana kilo 260 za kuongeza. Akiongeza gramu 600 kwa siku atazimaliza kwa siku 433, miezi 14 na siku chache, na kwa mimba ya siku 283 hivi atazaa kabla ya kutimiza miaka miwili au akiwa ameivuka kidogo. Akiongeza gramu 300, zinakuwa siku 867, na kuzaa kunasogea hadi baada ya miaka mitatu. Mwaka mzima na zaidi wa kukata majani, kuchota maji na kulipa dawa, bila tone la maziwa.

Kinyume chake kipo pia, kwa wenye uwezo. Kati ya mwezi wa 3 na joto la kwanza, tishu za kiwele hukua kwa kasi zaidi ya mara mbili ya mwili wenyewe. Mtamba akinenepeshwa kwa pumba nyingi zisizo na protini ya kutosha katika miezi hiyo, nafasi ya tishu za maziwa huchukuliwa na mafuta. Anakuwa mzuri wa kutazama. Anayemnunua kwa unene wake atashangaa kwenye ndoo.

Umri nao hausemwi kwa macho. Ukienda mnadani utaona wazoefu wanafungua mdomo kabla ya kutaja bei. Ng'ombe ana meno manane ya mbele, yote ya chini. Ya utoto ni madogo na meupe. Jozi ya kwanza ya kudumu, ile ya katikati, hutoka karibu na miaka miwili, ya pili miaka miwili na nusu, ya tatu mitatu, na ya mwisho mitatu na nusu hadi minne. Mtamba mwenye mwili wa mwaka mmoja na jozi mbili za meno makubwa hajachelewa kuzaliwa. Alichelewa kukua, na nyonga zake zimechelewa pamoja naye.

Nyonga ndizo za kuogopa. Mtamba aliyedumaa akishika mimba, ndama hukua tumboni kwa ukubwa wa uzao wa baba, na njia ya kupitia haimtoshi. Kwa hiyo kabla hujamwita mtaalamu wa uhimilishaji, chukua utepe wa kupimia uzito, uzungushe kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, mnyama akiwa amesimama sawa na kichwa juu, usome kilo. Kama hazijafika, joto litarudi baada ya siku 21. Na zikifika, omba mbegu ya dume anayejulikana kuzalisha ndama wadogo.